KABLA HAWAJAKATA UTEPE, WAULIZE SIKU YA KUFUNGA

Hotuba kwa vijana wa Mlandege, Iringa, juu ya ajira zinazokufa mitambo mikubwa inapozimwa. Tunaichapa yote ili nawe ambaye hukuwapo uisome na kuipima mwenyewe. — Mhariri



Sikuja kuwapeni ahadi. Ahadi mnazo za kutosha, mkizipanga sokoni hapo mnaweza kufungua genge. Kila unapokaribia uchaguzi mnaletewa viwanda vya mdomoni, migodi ya mdomoni na reli za mdomoni. Uchaguzi ukipita, wewe unarudi kijiweni na mwenye suti anarudi Dodoma.

Leo nataka nikukabidhi swali moja. Ukilishika vizuri litakufaa kuliko fulana na kofia za kampeni. Swali lenyewe ni hili: siku mtambo huu utakapofungwa, mfanyakazi atakwenda wapi, na fedha yake itatoka mfuko gani?

Najua utacheka. Utasema, "Kaka, kazi yenyewe sijapata, wewe unanizungumzia kufukuzwa?" Cheka, lakini nisikilize. Mtambo wowote una siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Ile ya kwanza inapigiwa ngoma, utepe unakatwa, waheshimiwa wanapiga picha. Ile ya pili huwa haina ngoma wala mheshimiwa. Inakukuta wewe peke yako getini, umeshika sefuria yako ya chakula cha mchana.

KIWIRA: MEGAWATI 200 ZA KWENYE KARATASI

Tuanze na nyumbani, Nyanda za Juu Kusini. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira ulijengwa kwa msaada wa Wachina na ukaanza kazi mwaka 1988. Ulikuwa mali ya umma, yaani mali yako na yangu. Ulikuwa pia na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Si umeme mwingi, lakini ulikuwapo, ukiwaka kwa makaa ya hapo hapo. Wakati ule eneo lote hilo lilikuwa mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 Ileje iko mkoa mpya wa Songwe.

Mwaka 2005, mwaka wa mwisho wa awamu ya tatu, mgodi ukabinafsishwa. Kampuni ya TanPower Resources ikachukua hisa asilimia 70 na Serikali ikabaki na 30. Wananchi wakaambiwa sasa umeme utapanda kutoka megawati 6 hadi megawati 200. Nani asiyefurahi? Kijana wa Kyela, wa Tukuyu na wa Ileje akaanza kuhesabu mshahara ambao hajaupata.

Zile 200 hazikuonekana, na hata zile 6 zikazimika. Uzalishaji ukazorota mpaka ukakoma. Wafanyakazi wakalalamika hadharani kwamba wanadai mishahara na mafao, na kilio chao kikafika bungeni. Kufikia mwaka 2008 majina ya Rais mstaafu Benjamin Mkapa na aliyekuwa waziri wake wa nishati na madini, Daniel Yona, yalikuwa yakitajwa bungeni na magazetini kuhusiana na kampuni hiyo. Mzee Mkapa alitangulia mbele ya haki mwaka 2020, na mimi leo sikuja kumhukumu mtu. Mwishowe Serikali ikaurudisha mgodi mikononi mwa umma, ukakabidhiwa STAMICO.

Angalia hapo kitu kimoja. Kulikuwa na mkataba wa kuuza hisa na mpango wa kuzalisha umeme. Mpango wa mfanyakazi siku mambo yatakapoharibika ulikuwa wapi? Mwenye hisa alikuwa na mwanasheria na Serikali ilikuwa na mwanasheria. Mchimba makaa alikuwa na taa yake ya kichwani tu.

MGOLOLO, JIRANI ZETU

Usiseme hayo ni ya Mbeya. Hapa hapa mkoani Iringa, wilaya ya Mufindi, kuna Mgololo. Kiwanda cha karatasi cha kule, Southern Paper Mills, kilianza kuzalisha mwaka 1985. Kilijengwa kwa mikopo na misaada mikubwa ya Benki ya Dunia, Sweden na wengineo, kitumie miti ya msitu wa Sao Hill. Uwezo wake ulikuwa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka. Walijenga kiwanda na mji wake: nyumba, shule, zahanati. Mtu alikuwa akisema "nafanya kazi Mgololo" mahari inashuka.

Miaka ya 1990 mitambo ikasimama. Hicho kilikuwa kipindi cha Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, ile iliyokuwa ikiuza mashirika kama mitumba ya mnadani. Kiwanda kilisubiri mnunuzi miaka na miaka. Kikauzwa mwaka 2004 kwa Rai Group ya Kenya, na leo kinaitwa Mufindi Paper Mills. Kinafanya kazi, na hilo ni jambo jema.

Lakini fanya hesabu ya mtu mmoja. Kijana aliyekuwa na miaka 25 kiwanda kinazimwa, kilipouzwa alikuwa amekaribia 35 au ameipita. Ameshaoa, ameshauza redio na baiskeli, amerudi kijijini kulima viazi au amekuja hapa Mlandege kubangaiza. Ujuzi wake wa kuendesha mashine ya karatasi hauna soko jingine Tanzania nzima. Mashine yenyewe iliweza kumsubiri mnunuzi, maana chuma hakili. Mtu na watoto hawawezi kusubiri.

WENZETU WANAVYOZIMA VINU VYA NYUKLIA

Sasa nikupeleke mbali kidogo, nawe utaona kwa nini. Twende Ulaya na Marekani, kwenye vinu vya umeme wa nyuklia.

Kinu cha nyuklia hakifungwi kwa kufuli. Ukikizima leo, mafuta yake yaliyotumika bado yana moto na mionzi, na yanataka kupozwa maji kwa miaka. Vyuma vya ndani vimekunywa mionzi, vinataka kukatwa taratibu, kufungwa na kuzikwa. Kazi hiyo inachukua miongo. Kwa sababu hiyo, wakubwa wa kule wamelazimika kupanga mazishi ya kinu wakati kingali hai.

Chukua Ujerumani. Baada ya ajali ya Fukushima, Japani, Machi 2011, Wajerumani wakaamua kwa sheria kuachana na nyuklia. Vinu vitatu vya mwisho, Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2, vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Hesabu mwenyewe: ni miaka 12. Mfanyakazi wa pale alikuwa na miaka 12 ya kujua kwamba siku inakuja. Na mwaka 2017 makampuni yenye vinu yalilazimishwa kuweka kwenye mfuko wa taifa euro zaidi ya bilioni 24, kwa ajili ya taka zitakazobaki. Kinu kikizimwa, wafanyakazi wengi hubaki kukibomoa, maana anayekijua kinu ni yule aliyekiendesha.

Chukua Lithuania, nchi ndogo yenye watu wachache kuliko jiji la Dar es Salaam. Walikuwa na kinu cha Ignalina, cha aina ile ile ya Chernobyl. Walipotaka kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 wakapewa sharti: kizimeni. Mtambo wa kwanza ukazimwa mwisho wa mwaka 2004, wa pili mwisho wa mwaka 2009. Lakini nao wakasema, sawa, ila mtulipe. Umoja wa Ulaya umekuwa ukibeba sehemu kubwa ya gharama za kubomoa, kazi iliyopangwa kufika mwaka 2038. Nimesema 2038! Kinu kilichozimwa 2009 bado kinampa mtu kazi.

Sitakudanganya kwamba kule ni peponi. Mji wa Visaginas, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Ignalina, umepungukiwa watu. Vijana wake wengi waliondoka. Marekani nako, kinu cha San Onofre, California, kilipotangazwa kufungwa moja kwa moja mwaka 2013, wafanyakazi kama 1,500 walitangaziwa kwamba watapunguzwa hadi kama 400. Panga ni panga, hata likishikwa na Mzungu. Lakini fedha ya kubomoa ilikuwa imekwisha kukusanywa kidogo kidogo kwenye bili za umeme za wateja, zaidi ya dola bilioni 2. Hapakuwa na mtu wa kusema "hatukutegemea".

KWA NINI KULE WANAPANGA?

Hapa ndipo nataka ufungue masikio. Usidhani wenzetu wanapanga kwa sababu wana huruma sana na mfanyakazi. Wanapanga kwa sababu kinu kikiachwa kinaua, na kinaua tajiri na maskini pamoja. Mionzi haichagui Oysterbay na Manzese. Mkubwa anaogopa, na kwa woga wake anaweka fedha kando. Mfanyakazi amefaidika na woga wa mkubwa.

Mgodi wa makaa ukiachwa unamtisha nani? Kiwanda cha karatasi kikiachwa kinaota nyasi, popo wanahamia, basi. Hakuna kigogo anayekosa usingizi. Anayekosa usingizi ni yule baba wa Mgololo, na kukosa kwake usingizi hakumfikii mtu Dodoma.

Ukitaka kuona nyuklia bila mpango, usiende Ulaya, nenda Kongo kwa Waswahili wenzetu wa Katanga. Urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa wingi katika mgodi wa Shinkolobwe. Wabelgiji walipokaribia kuondoka mwaka 1960 waliufunga mgodi, wakaziba mashimo kwa zege. Utajiri ulikuwa umekwisha kwenda. Miaka ikapita, njaa ikawarudisha watu wale wale kwenye mashimo yale yale, wakichimba kobalti kwa mikono, bila kinga yoyote. Januari 2004 Serikali ya Kinshasa ikapiga marufuku; Julai mwaka huo huo sehemu ya mgodi ikaporomoka na watu wakafa.

Kwa hiyo tatizo si nyuklia peke yake, wala makaa, wala karatasi. Mtambo ukifungwa bila mpango, anayeachiwa shimo ni mnyonge.

LEO NI ZAMU YA URANI YETU

Sasa utaona kwa nini nimekusafirisha kote huko. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, Ruvuma. Mwenye mradi ni Uranium One, kampuni ya shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom. Ukumbuke kwamba eneo hilo lilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, kwa idhini iliyotolewa na UNESCO mwaka 2012. Namtumbo si mbali. Basi linaloshuka Songea linapita hapa kwetu Iringa. Wapo vijana wa Mlandege watakaofunga begi.

Halafu iko Ludewa. Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, mkataba wake na Wachina wa Sichuan Hongda ulisainiwa mwaka 2011. Tangu hapo ni hadithi za "mchakato unaendelea". Siku ukiendelea kweli, nako mtakwenda.

Nami sisemi msiende. Nendeni! Kazi ni kazi. Chama cha upinzani kinachowaambia vijana wakatae kazi hicho si chama, ni jini. Ninachosema ni hiki: mgodi wa urani hata ukidumu miaka 20 na zaidi, wewe mwenye miaka 22 leo utakuwa bado una nguvu siku unafungwa. Utakuwa na miaka 45 hivi. Watoto wako watakuwa sekondari. Siku hiyo iko kwenye kalenda tangu sasa, sema hakuna aliyekuonyesha.

SHERIA INAKUPA NINI?

Wapo watakaosema sheria ipo. Ni kweli, tuisome.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi lazima atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kujadiliana. Asiyefanya hivyo anaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiachishwa isivyo halali, una siku 30 za kupeleka shauri lako. Siku 30 tu! Ukikaa kijiweni ukilalamika mwezi mzima, umekwisha.

Sheria hiyo hiyo inatoa kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza kazini, lakini mwisho ni miaka 10. Zidisha: siku 70. Haufiki hata mshahara wa miezi mitatu. Aliyetumikia miaka 10 na aliyetumikia miaka 25, kama mshahara wao ni mmoja, kiinua mgongo chao ni kile kile. Ile miaka 15 ya ziada imemezwa. Na kama hujatimiza miezi 12 mfululizo, hupati hata senti. Sasa unaelewa kwa nini wapo wanaokupenda uwe kibarua wa miezi michache michache mpaka uzeeke.

Kuna pia fao la kukosa ajira la NSSF, lililoletwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, iwapo umechangia si chini ya miezi 18. Mwajiri anayekukata mchango kwenye mshahara halafu hapeleki anakuibia mara mbili. Anaiba leo, na anaiba ile siku ya kufungwa.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kuliza. Kwenye madini, sheria zetu zinamtaka mwenye mgodi mkubwa awe na mpango wa kufunga na aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha ardhi. Vizuri kabisa. Mgodi wa Golden Pride wa Nzega ulifunguliwa miaka ya 1990 na ukafungwa. Buzwagi wa Kahama nao uliacha kuzalisha mwaka 2021. Mashimo yalikuwa na mpango. Udongo umewekewa dhamana, mtu je? Udongo una mtetezi kuliko aliyeuchimba?

MASWALI MATANO YA KWENDA NAYO

Basi, siku yeyote akija Mlandege na habari za mradi, awe waziri, awe mwekezaji, awe hata mgombea wa chama chetu, muulize haya:

La kwanza: mtambo huu umepangiwa miaka mingapi, na hiyo karatasi ya mpango wa kufunga iko wapi tuisome, tena kwa Kiswahili?

La pili: mfuko wa wafanyakazi siku ya kufunga unaanza kuchangiwa lini? Jibu zuri ni moja tu: tangu tani ya kwanza itakayouzwa. Fedha inayosubiri mpaka mgodi ufilisike haitapatikana kamwe.

La tatu: tutajulishwa miaka mingapi kabla? Mjerumani alipewa 12. Sisi hatuombi 12. Tunaomba mitatu, na mwenye mtoto sekondari atajua la kufanya.

La nne: ujuzi nitakaoupata humo utatambuliwa na nani? VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini. Mwekezaji alipie hilo wakati kazi ipo. Fundi mwenye cheti mtambo ukizimwa atapata pa kwenda.

La tano: kazi ya kubomoa, kusafisha na kurudisha ardhi atapewa nani? Isije ikawa mmechimba nyie, halafu wa kufukia analetwa kwa ndege.

Haya yote Bunge lingeweza kuyaweka kwenye sheria. Halijafanya hivyo kwa sababu hakuna mwenye kura aliyewahi kumnyima mtu kura kwa sababu hiyo.

TUWE MIONZI

Ndugu zangu, nimesema kule Ulaya mkubwa anapanga kwa sababu anaogopa mionzi. Hapa kwetu mtambo ukifa hauna mionzi ya kumtisha. Basi mionzi iwe sisi. Chama cha wafanyakazi kilicho hai, si kile cha kukata michango na kugawa fulana za Mei Mosi. Kijana anayeomba mkataba wa maandishi kabla ya kuvaa kofia ya chuma. Mpiga kura anayekumbuka Kiwira na Mgololo siku ya kura. Hao wakiwapo, kigogo naye atakosa usingizi kidogo, na akikosa usingizi atatafuta kalamu.

Akiba haiozi, walisema wazee. Nao walikuwa wakiiweka wakati wa mavuno, shamba likiwa bado limejaa.

Kwa hiyo wakija na mkasi na utepe, pigeni makofi, maana kazi tunaitaka. Lakini kabla mkasi haujafunga, mmoja wenu anyooshe mkono na aulize. Akijibiwa "hilo tutaliangalia baadaye", mjue jibu mmekwisha kulipata.